Mke Mwenza wa Karatasi

Kiwandani walimwita Kola, na si kwa sababu ya shingo yake. Alishona kola. Kola za mashati, asubuhi mpaka jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Kulia kwake alikaa mama wa makamo aliyeshona mikono tu, akaitwa Mikono. Nyuma yao alikaa Vifungo, na kazi yake unaijua bila kuambiwa. Hakuna kati yao aliyewahi kushona shati zima. Ungempa Kola kitambaa akushonee shati la harusi, angekutolea kola safi kabisa, kifua ukajijue mwenyewe.

Kazi ile haikumuua mtu. Ilimla polepole, kama mchwa wanavyokula kabati: kwa nje linang'aa, ukiliegemea unabaki na vumbi. Kola mwenyewe alishtuka siku aliyotumwa mkate. Alirudi nao nyumbani, na karatasi yake ameikunja juu pembe mbili kali kama za kola, zimelingana.

Mkewe aliugeuza mkate huku na huku. "Baba watoto, huu tunaukata au tunaupiga pasi?"

Jioni ile Kola alipanda juu ya paa la jengo lao na fito za mwanzi, magazeti ya zamani na uji wa ngano, akatengeneza tiara. Haikuruka. Ya pili ikang'ang'ania waya wa kuanikia nguo. Ya tatu ikapaa, na Kola akasimama chini yake amekamata uzi, mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Tangu hapo kila alipotoka kazini alikimbilia paani kuuwahi upepo wa jioni. Alijifunza kwamba siri iko kwenye hatamu, zile nyuzi mbili fupi za kifuani panapofungwa uzi mrefu. Kila tiara ina mahali pake pa kufungwa. Unaitundika kwenye kidole, unasogeza fundo, unasogeza tena, mpaka yenyewe ikubali.

"Wenzangu wenye waume wahuni wana nafuu," mkewe aliwaambia majirani. "Wanajua mke mwenza anakaa mtaa gani. Wa kwangu yuko hewani, hata nikitaka kumfuata nimtukane sina ngazi."

Siku moja bosi alichungulia dirisha la ofisi yake akaiona tiara nyekundu juu ya mapaa. Kesho yake aliuliza kiwanda kizima ni ya nani. Mwenye akili angeangalia cherehani yake. Kola alinyoosha mkono, tena akasimama.

"Kumbe vipaji tunavyo humu humu," bosi alisema, akatabasamu. Bosi akitabasamu, watu wa kiwanda kile hujishika mifuko.

Ikaamuliwa kila anayenunua shati apewe tiara. Msimamizi akaichanachana tiara ya Kola mezani na kuigawa kama shati: huyu fito, yule karatasi, Mikono gundi. Hatamu akapewa Vifungo, azifunge kila tiara mahali pale pale palipopimwa kwa rula. Kola akapewa mikia.

"Lakini hizo hatamu," Kola alianza.

"Una shida na mikia?" aliuliza msimamizi.

"Hapana."

"Basi."

Bosi akatangaza kwamba Jumamosi tiara zitarushwa mbele ya mnunuzi mkubwa. Zikiruka vizuri, kila jioni baada ya mashati watabaki kutengeneza tiara mpaka giza liingie, na Kola atapanda cheo.

Kola alimpelekea mkewe habari. "Nitakuwa msimamizi."

"Wa nini?"

"Wa mikia."

Hapo Kola alisubiri kuchekwa. Mkewe hakucheka. Aliendelea kukunja nguo. "Na mwenzangu wa paani?"

"Jioni nitakuwa kiwandani."

"Ahaa. Yaani anaolewa na bosi," alisema mkewe, akaikunja upya nguo aliyokwisha kuikunja. Ukimwona mwanamke yule anakunja nguo moja mara mbili, ujue jambo limefika pabaya.

Jumamosi wakakusanyika uwanja wa nyuma. Tiara zilipanda mpaka usawa wa geti, zikasita, kisha zikageuka vichwa chini kama walevi waliofukuzwa baa moja. Moja iliingia kwenye kikombe cha chai cha mnunuzi, mkia ukabaki nje, umekaa vizuri sana.

"Fundi!" bosi aliita. "Njoo urekebishe hapa, mgeni aone."

Kola aliokota tiara. Kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye hatamu, kikasogea kidogo, na tiara ikatulia, nyepesi, inasubiri. Kiwanda kizima kilikuwa kinamtazama. Kile kiherehere kilichomnyanyua siku ile kilikuwa kinapanda tena kutoka magotini. Funga hapa tu, mwanamume, wakuone.

Aliondoa kidole.

"Bosi, mimi ni mikia tu. Nimeikagua, mikia iko sawa."

"Na ile niliyoiona angani?"

Kola aliirudisha tiara chini. "Ile ilibahatika."

Mikono ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakapokea. Mnunuzi alifuta suruali yake akaaga. Bosi alimwangalia Kola kama anavyoangalia kola iliyoshonwa kinyume, akasema tiara basi, watu wabaki na walichoajiriwa nacho. Kabla geti halijafungwa, jina la Kola lilikuwa limekwisha. Sasa aliitwa Mkia, na alijua atazeeka nalo.

Alipofika nyumbani hakumkuta mkewe chini. Alimkuta paani, ameishika tiara nyekundu kwa vidole viwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

"Mikono kapita hapa," alisema. "Eti umewaambia hujui kitu."

"Ndivyo nilivyosema."

"Na wamecheka?"

"Mpaka mlinzi."

Mkewe aliitundika tiara kwenye kidole chake. "Ni hapa?"

"Shusha kidogo. Hapo."

Upepo ulianza kuvuta kanga zilizoanikwa. Kola alichukua uzi, kisha akasita, akatazama mbali kilipo kiwanda.

"Tuhamie nyuma ya tangi la maji, mama watoto," alisema. "Hapa dirisha la bosi linatuona."