Mapacha Sifuri

Mimi semina siendi kwa kupenda. Naenda kwa sababu mkubwa wa zahanati akisema nenda, unakwenda, na pia kwa sababu ya chai na maandazi. Lakini ile ya Bariadi ilikuwa na kivutio kingine. Mbele ya ukumbi, juu ya meza, waliweka jiko la gesi la plati mbili, jipya, bado limevaa nailoni yake. Lilikuwa la mshindi wa chemsha bongo. Nilipolitupia jicho tu nikajua ni langu, ila wenzangu walikuwa hawajaambiwa.

Tulikuwa manesi na watunza takwimu kutoka zahanati za mkoa wa Simiyu, sote watumiaji wa Daraja. Daraja ni mfumo wa kompyuta. Kazi yake ni kuchukua taarifa zinazokaa mbalimbali, za wodi ya wazazi, za kliniki ya watoto, za maabara ya Mwanza, na kuzileta mahali pamoja, ili nikifungua simu yangu kule Busega nimwone mtoto na chanjo zake, uzito wake na majibu ya damu yake. Mwalimu wetu alikuwa Hilali, kijana wa Dar es Salaam, mchangamfu, mdomo haupumziki. Alisema mtihani hautaki, anataka tucheke. Maswali yatatokea ukutani, sisi tutajibu kwa simu zetu, na anayewahi anapata pointi nyingi.

Kucheka nilikuwa tayari, ila kuna jambo lilikuwa linanikuna. Asubuhi ile Nyamizi wa Mwamanyili alinipigia. Nilimzalisha kwa mikono yangu mapema mwaka huu, mapacha wa kike, na tangu hapo hafanyi jambo bila kuniuliza. Alisema Doto, pacha wa pili, ana homa tangu juzi, vidole vya mikono na miguu vimevimba, ukimgusa analia. Mimi nilikuwa naandikisha jina mlangoni na watu wananisukuma kwa nyuma.

"Meno hayo, mwanangu," nikamwambia. "Mpe dawa ya homa, kesho nikirudi nitamwona."

"Asante, nesi," akasema, akakata.

Nilipokaa ndipo vile vidole vikaanza kunisumbua. Meno hayavimbishi vidole. Nikafikiria selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi ambao kanda yetu tunaujua sana. Kisha nikakumbuka kwamba damu ya visigino vyao tuliipeleka Mwanza walipozaliwa, na jibu lilirudi kwenye simu yangu: mtoto wa Nyamizi, hana. Nikampigia Nyamizi siku ile ile kumpa habari njema, naye akapiga vigelegele. Basi nikajituliza na jibu hilo na kuweka simu mezani.

Swali la kwanza likauliza: Daraja likigoma kufunguka, unaanza na nini? Kuipiga kompyuta kofi, kumlaumu bosi, au kuangalia kama bando limeisha? Ukumbi ukaangua kicheko. Nilijibu sawa, lakini Maua aliniwahi. Maua ni mtunza takwimu kutoka Nyashimo, alikaa kushoto kwangu, na vidole vyake kwenye simu ni moto wa kifuu. La pili lilihusu nenosiri zuri: jina la mume, jina la ng'ombe, au lile ambalo hata wewe mwenyewe unalisahau? Hapo nilimshika. Akanikonyeza kwa hasira ya utani.

"Jiko hilo, mama Gloria, utaliota tu," akaninong'oneza.

Swali la tatu likaja. Rekodi mbili za watoto: mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, kijiji kimoja. Utafanya nini? Uziache, umuulize mama, au uziunganishe? Sikufikiri hata kidogo. Nilibonyeza "unganisha" kabla muziki haujaanza vizuri, na jina langu likapanda juu kabisa ukutani. Wakanipigia makofi. Nikasimama nikainama kidogo, ndiyo, nilijisikia.

"Huyo ndiye mtumiaji!" Hilali akasema. "Ni mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili. Tena mwaka huu msijisumbue, Daraja linaunganisha lenyewe. Jibu lililoingia mwisho ndilo linalobaki. Haya, la nne, la burudani. Tangu mwaka uanze, Daraja limesajili mapacha wangapi Simiyu?"

Watu wakabonyeza namba kubwa kuliko zote. Kwa mapacha nani atatushinda? Muziki ukaisha, jibu likawaka kijani.

Sifuri.

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. "Mwaka huu tumelala!" akapaza sauti mtu wa nyuma. Mwingine akasema ni njaa, mwingine akasema akina baba waitwe kikao. Maua alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya mtandio. Nami nilicheka nao, nakumbuka kabisa kwamba nilicheka, mpaka nikalisoma tena lile jibu ukutani.

Sifuri vipi, na mimi nimezalisha mapacha?

Kwetu pacha hatafutiwi jina, anakuja nalo. Anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, kwisha. Ndiyo maana kwenye semina iliyopita tulilalamika kwamba akina Kulwa na Doto wamejaa mkoa mzima na mfumo unawachanganya. Tukakubaliana wenyewe, kwa makofi, tusiyaandike majina hayo. Tuandike "mtoto wa fulani" mpaka abatizwe au apewe jina lingine. Na mimi nikawaandika watoto wa Nyamizi hivyo hivyo. Mtoto wa Nyamizi. Mtoto wa Nyamizi. Mama mmoja, tarehe moja, kijiji kimoja.

Nilipeleka damu ya watoto wawili nikapokea jibu moja, na sikuuliza.

Nikainuka. Sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hilali, zima huo muziki."

"Mama, bado swali moja! Na wewe ndiye unayeongoza!"

"Zima, nimesema! Nifungulie majibu ya maabara. Siyo yaliyounganishwa. Yale yenyewe ya Mwanza, kabla Daraja halijayagusa."

Alitaka kutania, akaniangalia usoni, akaacha. Nilisimama nyuma yake nikimtajia jina la mama na tarehe. Akabonyeza, akasubiri, mtandao ukavuta miguu. Halafu yakatokea majibu mawili, moja chini ya lingine. Mtoto wa Nyamizi: ana selimundu. Mtoto wa Nyamizi: hana. Lile la "hana" ndilo lililoingia mwisho.

Hilali akazima maswali ukutani.

Nikampigia Nyamizi. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikampigia Januarius, mwenye duka la kuchajia simu pale Mwamanyili.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, kama anayemsalimu mama yake, kwa utulivu wa mtu asiye na shida duniani.

"Nyamizi yuko wapi?"

"Simu yake iko hapa kwenye chaji. Mwenyewe yuko nyumbani, nasikia mtoto analia sana."

"Funga duka. Chukua pikipiki, umpeleke hospitali yeye na watoto sasa hivi."

"Mayu, nina wateja..."

"Januarius! Mtoto huyo akifa utawauzia nini hao wateja?"

Nikasikia kufuli. Baadaye kidogo akanipigia, akampa Nyamizi simu. Nyuma yake kulikuwa na kilio chembamba, kile cha mtoto aliyechoka kulia, na kilinichoma.

"Nesi, nimlete nani?" Nyamizi akauliza. "Doto peke yake?"

"Wote wawili. Mwambie daktari nesi amesema selimundu. Mdomo wa Doto usikauke, mnyonyeshe njiani."

"Lakini ulisema hawana."

"Nilikosea, mwanangu. Wahi."

Nilipogeuka, Maua alikuwa ameshika simu sikioni. "Wangu ni mapacha jozi mbili," akasema bila kunitazama. "Wa Kiloleli, na wale wa nyuma ya soko." Kisha mwingine akatoa simu, na mwingine, kila mtu akimtafuta mama wa mapacha wake. Jiko la gesi lilibaki mezani, hakuna aliyelikumbuka.

Hilali alinichukua kwa gari lake hadi hospitali. Nilikuwa na hasira naye, kisha nikakumbuka yale makofi yetu ya semina iliyopita, hasira ikarudi kwangu. Nilisali rozari bila rozari, nikihesabu kwa vidole, na kila nikifika kidole kimoja naviona vile vya Doto.

Tulimkuta Nyamizi kwenye benchi ya mapokezi, jua likiwa linaelekea kuzama. Kulwa amelala mgongoni. Doto yuko mapajani, dripu mkononi, vidole vimejaa kama maandazi madogo, amefumba macho. Daktari alikuwa ameshamwona. Amechelewa, alisema, lakini amefika, na maumivu yanaanza kutulia.

Nyamizi hakunipigia kelele.

"Meno, nesi?"

Heri angenipiga. Nikapiga magoti mbele yake, pale pale sakafuni, nikasema nisamehe. Alisogea kidogo kwenye benchi, nikakaa.

Dada wa mapokezi alikuwa anawaandikisha ili wapewe kitanda. "Jina la mtoto?"

Nusura niseme mtoto wa Nyamizi. Ulimi ulishaanza.

"Andika Doto," nikasema. "Na huyu wa mgongoni, andika Kulwa."

"Akina Kulwa na Doto wako wengi, nesi."

"Hata wakiwa elfu. Andika."

Akaandika, huku akipiga miayo, maana zamu yake ilikuwa inaisha. Simu aliyoandikia ikalia mlio mdogo, na maneno yakatokea kwenye kioo: kuna rekodi inayofanana na hii, uziunganishe? Kidole chake kikaenda kwenye "ndiyo", kwa mazoea, kama kilivyokwenda changu.

"Hapana!" tukapiga kelele, mimi na Hilali kwa pamoja.

Watoto wakashtuka, wakaanza kulia wote wawili, kila mmoja kwa sauti yake.