Aliyejenga Birika la Majimoto

Sururu iligonga jiwe, na kwa mlio wake tu Celestini akajua lile halikuwa jiwe la kujilalia ardhini. Lilikuwa limekazwa. Akaweka sururu kando, akapiga magoti kwenye tope la uvuguvugu, akaanza kupapasa. Jiwe la kwanza, la pili, la tatu; yote yamepangwa kwa kupinda, kama mdomo wa chungu kikubwa.

"Mbona umesimama?" Domisiana aliuliza kutoka juu. Ndiye mwenye nyumba ya wageni ya Majimoto, vyumba vichache vya bati la bluu kando ya chemchemi ambayo maji yake hutoka ardhini yakiwa moto, si mbali na Lukole. Alitaka wageni wapate mahali pa kuogea pa kisasa, penye vigae. Celestini, fundi mwashi wa Ntobeye, ndiye aliyepewa kazi.

"Mama, kuna mtu alijenga hapa kabla yetu."

Domisiana akashuka, kitenge amekikunja magotini. "Wajerumani hao. Watu husema waliwahi kuogea hapa. Vizuri, nitaandika kwenye kibao cha wageni. Lakini wewe vunja tu, tunamwaga zege kesho."

Celestini hakuvunja. Alikuwa akitazama maungio. Hapakuwa na saruji wala chokaa. Ni udongo wa mfinyanzi tu, na kila penye upenyo pamechomekwa kijiwe chembamba, kwa subira. Upande mmoja mawe yameshushwa yakawa kiti, na kila ubavu wa kiti jiwe limetokeza, la kushikia.

Nani hujenga birika la kuogea lenye mahali pa kushikia? Swali lilimganda. Chakula cha mchana kilipoletwa hakukionja. Alipanda kilima hadi kwa bibi Theodosia, ambaye migomba yake inapakana na chemchemi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Una tope mpaka masikioni."

Alipomweleza, bibi aliacha kuchambua maharage. "Wajerumani gani! Ni Leonidasi. Mkimbizi wa kambi ya Lukole. Alikuja kuokota kuni, akayaona maji. Mkewe, Niragira, miguu ilimfa ganzi tangu njiani walipokimbia vita. Basi akawa anambeba mgongoni, anamkalisha majini. Chini tope tupu, mwanamke anateleza. Ndipo akaanza kupanga mawe."

"Alikuwa fundi?"

"Fundi wapi! Mkulima kama mimi. Anapanga, yanaanguka, anapanga tena. Sisi tulimcheka. Baadaye na sisi tukaenda kuoga humo humo."

"Na mkewe alipona?"

Bibi alitazama bondeni. "Siku walipokuja kuniaga, kabla ya malori ya kuwarudisha kwao Burundi, alikuwa amesimama pale kwenye mgomba. Kusimama, nilimwona. Kutembea sikuona. Machozi yalinizuia."

Celestini alirudi chini, akamweleza Domisiana yote kama alivyoyasikia, kisha akaongeza, "Ukitaka livunjwe, mama, tafuta fundi mwingine."

"Unaacha kazi kwa ajili ya mawe?" Domisiana alikasirika. "Mgeni gani atasafiri mpaka huku aje kukalia mawe ya mkimbizi?"

"Sijui. Ila kaa kwanza, uone."

Domisiana alimkazia macho. Halafu akavua kandambili, akaingia, akakaa na kitenge chake. Mikono yake ikatafuta pembeni, ikayapata yale mawe mawili bila kuyaangalia. Mvuke ulimpanda usoni.

"Alikuwa mfupi huyu mwanamke," alisema hatimaye. "Magoti yangu yamepanda juu." Akajipangusa shingo. "Vigae tutaweka kule kwenye ngazi. Hapa endelea kufukua, lakini taratibu."

Celestini aliendelea kwa mikono. Nyuma ya kiti, ukutani, akakuta tundu lililozibwa na tope. Alipofukua upande wa pili wa tundu, akakuta birika jingine, dogo, halizidi beseni la kufulia. Nalo lilikuwa na kiti chake.

Domisiana aliinama karibu. "Walikuwa na mtoto?"

"Bibi hakusema."

Celestini akachota tope la mwisho tunduni kwa viganja. Maji yakaanza kupenya kuingia birika dogo, uzi mwembamba wenye mvuke, na wote wawili wakabaki wameinama, wakiyatazama yakipanda.