Zamu ya Kumsindikiza Fundi

Msinione nimenuna kanisani mkadhani nimerudi nyuma. Mungu namwamini vizuri tu. Watu wake ndio wamenichosha, na leo nasema. Anayetaka kuziba masikio azibe.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Kazi anaiweza, hakuna anayebisha, lakini pombe ilimkalia kichwani mpaka mkewe, wifi yangu, akambeba mtoto akaenda zake. Mdogo wangu alipookoka, wifi akarudi, ila alirudi na neno lake, akalitamka mbele yangu bila kupepesa macho: "Wifi, akirudia hata mara moja, sitapiga kelele. Nitaondoka, na safari hiyo msinitafute."

Sasa, kutoka karakana yake mpaka nyumbani ni baa huku na baa huku. Njia nyingine hakuna. Na wanaokaa pale wote ni rafiki zake wa zamani, hawamtukani, hawamlazimishi, wanamwita tu kwa furaha kama mtu aliyetoka safari. Hilo ndilo baya zaidi.

Kwenye kikundi chetu cha maombi alikuwepo kinyozi mmoja, mtu mpole, haongei sana. Yeye ndiye aliyesema, "Jamani, tukimwombea mchana halafu jioni tukamwacha apite pale peke yake, si tunamchezea huyu?" Ndipo tukapanga zamu. Kila jioni mmoja wetu anapita karakana saa ya kufunga kazi, anatembea na fundi mpaka mlangoni kwake. Hakuna mahubiri njiani, ni stori tu: mpira, watoto, nani kamtapeli nani. Kinyozi alikuwa anafunga duka mapema. Mshonaji wetu mmoja, yule ambaye akianza kuongea hata mbwa wanahama, alikuwa anamfikisha fundi nyumbani kichwa kinamuuma, lakini alikuwa anamfikisha. Hata Mwalimu, kiongozi wetu, alikuja na mwavuli wake. Mimi nafua mashuka hospitalini, natoka giza limeshaingia, kwa hiyo nilishika zamu siku zangu za mapumziko.

Na ilifanya kazi, jamani! Mdogo wangu akanenepa. Mtoto akaacha kujificha akisikia viatu vya baba yake. Wifi akaanza kuimba jikoni.

Kisha ukaja ushuhuda.

Jumapili hiyo kulikuwa na mchungaji mgeni, na Mwalimu akataka kumwonyesha matunda ya kikundi chake. Akamsimamisha mdogo wangu mbele. Maskini, alijikaza, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mimi nilikuwa mlevi. Bwana ananiponya."

Mwalimu amefundisha lugha maisha yake yote, kustaafu hakujamwachisha. Akainuka pale pale kwenye kiti cha mbele. "Ameniponya, ndugu! Usimpunguzie Mungu utukufu. Si ananiponya. Ameniponya!"

Watu wakacheka, kile kicheko cha upendo. Mdogo wangu akajikuna shingo. "Ndiyo, Mwalimu, lakini kila siku mimi bado huwa..."

"Ameniponya!" kanisa zima likamsaidia.

"Ameniponya," akasema. Vigelegele vikapasua paa. Mimi nilikuwa nyuma, nikamwona macho yake yanatafuta mlango.

Wiki hiyo hiyo zamu zikafutwa. Mwalimu alitueleza sebuleni kwake, ametulia kabisa, kwamba mtu aliyeponywa hasindikizwi. Tukiendelea kumsindikiza tunamwambia Mungu kazi yake hatuiamini.

"Lakini Mwalimu," kinyozi akasema, "kutembea tu kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kukosa imani."

Kinyozi akanywea. Mimi damu ikanichemka. Nikamwambia, "Mwalimu, wewe sukari yako tumeiombea hapa hapa tukasema imekwisha. Mbona vidonge unameza?"

"Dada yetu ana mdomo!" akasema, wakacheka wote, tukafunga kwa sala. Wakaondoka wamefurahi, maana kusema kweli kila mmoja alikuwa amerudishiwa jioni yake.

Mdogo wangu alijitahidi. Alikuja kwangu akaniambia, "Dada, njia ile nikiwa na mtu nasikia maneno yake. Nikiwa peke yangu nasikia ya wale." Nikamwambia akamweleze Mwalimu. Akanitazama. "Nikamwambie nini? Kwamba nilidanganya madhabahuni?"

Mnaona walivyomfunga? Akinyamaza, anapita peke yake. Akisema, amemwaibisha Mungu. Akaanza kuwavizia kwa ujanja. Akamwita kinyozi aje aangalie geti alilolitengeneza; kinyozi akaja mara moja, wakatembea pamoja. Mara ya pili kinyozi alikuwa na wateja wengi. "Tuko pamoja kiroho, ndugu yangu," akamwambia kwenye simu. Kiroho! Miguu je?

Basi jioni moja wakamwita, akakaa. Alirudi nyumbani anaimba nyimbo za kanisani huku anajigonga ukutani.

Wifi hakupiga kelele, kama alivyoahidi. Asubuhi alipita kwangu na begi na mtoto. Nilimshika miguu, sioni haya kusema. Akaniinua.

"Wifi, mimi sikubaki kwa ajili yake," akasema. "Nilibaki kwa ajili ya waliokuwa wanamleta mlangoni. Peke yake nilijua hawezi, naye anajua. Nipo kwa dada yangu mpaka Jumapili, tunaondoka na basi la asubuhi. Ukiniambia wameanza tena kumleta, nitashusha begi."

Nilikimbia kwa kila mmoja. Nyumba kwa nyumba, bila kula. Na Jumamosi alasiri walikuja kwa mdogo wangu, wote, wamependeza. Yeye tangu siku ile alikuwa hajagusa pombe, amejifungia ndani, uso umemshuka. Mwalimu akaomba maombi marefu, akakemea roho ya ulevi mpaka jasho likamtoka. Amina, tukasema.

"Asanteni," nikasema. "Sasa, Jumatatu jioni nani anapita karakana?"

Mshonaji, yule wa maneno, akaanza kutafuta kiatu chake chini ya meza. Kinyozi akamtazama Mwalimu.

"Hilo, dada, tuliweke kwenye maombi," Mwalimu akasema.

Mdogo wangu akasimama. "Mwalimu, mniwie radhi. Nasema mbele ya wote. Mimi peke yangu siwezi."

Mwalimu akampigapiga bega. "Usikiri udhaifu, ndugu. Kiri ushindi."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Mungu anajua kilichonizuia kukirusha.

Wakaaga. Na sisi tumelelewa vizuri, mgeni haachwi aondoke mlangoni kama mtu anayefukuzwa. Mdogo wangu akavaa viatu. "Ngoja niwasindikize," akasema, na hakuna aliyeshtuka. Hakuna! Mimi nilikuwa nimegeuka nakusanya vikombe kwa hasira. Nilipokuja kufikiri, walishafika mbali. Nilikuja kuambiwa aliwapitisha baa zote, ameshika mwavuli wa Mwalimu, wanacheka. Kwenye njia panda wakampa mikono, wakambariki, kila mmoja akashika njia ya kwake. Yeye akageuka kurudi.

Nilikimbia kumfuata, nikamkuta baa ya kwanza kutoka njia panda. Walikuwa wamemzunguka, mmoja amemshika bega, mwingine anamvutia kiti, wanamuuliza kwa nini amepotea, ana shida gani. Wale hawakuhitaji kupangiwa zamu. Nikamwita. Akanitazama machozi yanamtoka, akaniambia, "Dada, niache," na glasi ilikuwa tayari mezani.

Nilikaa nje ya ile baa mpaka mlinzi akanifukuza.

Asubuhi ya Jumapili wifi akapiga simu. Nilisikia injini za mabasi na mtoto anauliza kama baba anakuja. Wifi hakunisalimu hata. Aliuliza tu jana alirudi na nani.

Nikamwambia bado hajarudi.