Mfugaji Aliyeuza Mazulia

Karavani yao, nyumba ya magurudumu, ilipoingia jimbo la joto la Arizona tu, Orrin alivua koti la baridi akavaa kofia pana ya wachunga ng'ombe, na Lavonne akageuzia uso dirishani. Kila msimu wa theluji ilikuwa hivyo. Kwao Regina, mji wa baridi kaskazini, mumewe aliuza mazulia mpaka akastaafu. Huku kusini, kwenye kambi ya wastaafu wenzao, alikuwa mfugaji mkubwa aliyeuza ranchi.

Jioni akikaa kwenye kiti cha kukunja, Lavonne alimsikiliza Orrin akisimulia ng'ombe aliowazalisha kwenye baridi kali. Jirani yao Duane aliitikia kwa kichwa kama aliye kanisani. Marlys, mke wa Duane, aliwapikia maharage yasiyo na ladha, "ya mfugaji wetu." Lavonne hakujua amdharau nani zaidi, anayeongopa au wanaoumeza uongo wake.

Asubuhi moja farasi jike alitoroka shamba la jirani, akaja kusimama katikati ya meza zao za chakula.

"Mwiteni Orrin," Duane alisema. "Kazi yake hiyo."

Orrin akatoka na kamba mpya, lebo ya dukani bado inaning'inia. Alimwendea farasi kwa nyuma, kwenye miguu ya mateke. Farasi akageuka, akamnusa kofia. Basi Orrin akaitupa kamba, akakimbilia kwenye karavani na kujifungia ndani.

Lavonne aliendelea na kahawa yake. Punde akaja mwenye shamba, mama mmoja aliyevaa kandambili, akatikisa ndoo ya shayiri, na farasi akamfuata polepole.

Ndipo Orrin akatoka.

"Yule ana kichaa," alisema. "Nimemwona macho. Ukiona macho yale, unampisha."

"Uzoefu huo," Duane alisema. "Sisi tungekanyagwa."

Lavonne akaweka kikombe chini. "Duane, huyu alikuwa anauza mazulia. Hajawahi kufuga hata kuku."

Orrin akaitazama kamba yake pale chini.

"Mwenzangu," Marlys alisema kwa upole, "si vizuri kumvunjia mumeo heshima mbele za watu."

"Wivu tu," Duane akadakia.

"Nimwonee wivu wa mazulia?"

Hakuna aliyecheka. Majirani walimshika Orrin mkono wakaenda naye kula keki kwa Marlys. Lavonne aliwatazama wakiondoka, kaptura na soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini, wazee wazima wakimfuata mwongo kama vifaranga.

Jioni Orrin alirudi, makombo kwenye masharubu.

"Kwa nini umenifanyia vile?"

"Nilidhani watakuzomea."

"Hawakunizomea."

"Nimeona. Uongo wako nilishauzoea, Orrin. Ila wao, sikujua wanaupenda kiasi hicho."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwalika Lavonne kwenye michezo ya karata wala maharage. Alikihamisha kiti chake nyuma ya karavani, mahali ambapo jua lilikuwa zuri zaidi na sauti ya Orrin haikufika.