Mistari Isiyokutana

Kwa miaka tisa mwalimu alifungua somo la kusoma picha kwa picha ileile ya nyumbani kwao: babu yake mzaa baba ameketi kitini, kifua mbele, na bibi amesimama nyuma yake, mkono begani mwa mumewe. Asubuhi hiyo aliikuza kwa projekta mpaka ikajaa ukuta.

"Nani kaketi, nani kasimama?" aliwauliza wanafunzi wapya. Wakajibu, naye akahitimisha kama ada: kiti ni cha mwenye kauli, mke kawekwa nyuma.

Karibu na dirisha mkono ukanyooka. Alikuwa fundi cherehani, mtu mzima kumpita mwalimu, aliyefunga kibanda chake asubuhi mbili kwa wiki ili aje kusoma.

"Samahani, mwalimu. Naomba nisogee."

Akaenda hadi ukutani, akaweka kidole chini ya kwapa la bibi. "Gauni limeongezwa kitambaa hapa ubavuni. Mistari ya kitambaa haikutani. Mabega hayajaguswa, limeachiwa kuanzia kifuani kushuka. Mtu akinenepa tu hatuongezi hivi. Mama huyu ni mjamzito, na nadhani kiti kinamsitiri."

Mwalimu alihisi masikio yakipata moto. Alikuwa amekua akiitazama picha hiyo, na hata siku moja hakuwahi kuliona gauni.

Wakati wa mapumziko alimpigia simu shangazi yake, kifungua mimba wa babu.

"Shikamoo, shangazi. Ile picha ya babu na bibi, bibi alikuwa mjamzito?"

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Nani kakutobolea siri? Tumboni nilikuwa mimi. Mama aliona haya, akataka kuondoka. Baba ndiye aliyevuta kiti, akamwambia, 'Simama nyuma yangu, nitatanua mabega.'"

Mwalimu alibaki ameshika simu, akicheka peke yake kwenye korido.

Aliporudi aliwasimulia wanafunzi yote, kosa lake la miaka tisa likiwemo. Kisha akaweka picha ya pili, akamkabidhi fundi kijiti cha kuonyeshea, na yeye akaenda kukaa dirishani, daftari mapajani.

Fundi aliitazama picha polepole, kuanzia pembeni, kama anayekagua kitambaa kabla ya kutia mkasi. Mwalimu naye akatulia, akijifunza namna ya kungoja.