Viraka vya Mwenzetu

Mafundi wote wa nguo husifiwa kwa kuifanya nguo kuukuu ionekane mpya. Fundi wetu huyu alisifiwa, tena na Ikulu, kwa kinyume chake. Kila mwezi aliletewa kitambaa cha sufu safi, laini kama shavu la mtoto mchanga, akakishona koti, akatia bitana ya hariri, kisha akachukua msasa na kuanza kulitesa. Alikwangua viwiko, akachakaza kola, akaliloweka kwenye maji ya chai mpaka likapauka. Mwisho akabandika viraka vitatu: begani, kifuani na juu ya mfuko. Hapo koti likawa tayari kwa Rais.

Rais mwenyewe watu walimwita Mwenzetu, kwa sababu kila hotuba aliianza hivi: "Mimi ni mwenzenu, tazameni koti langu." Watu wakalitazama, wakalia. Alisema analo hilo hilo tangu ujana wake, kumbe lilikuwa la ishirini na tatu. Jasho la jukwaani hakulipenda, kwa hiyo koti likinuka lilitupwa na viraka vikahamishiwa jipya. Ndiyo maana fundi hakuvishona kwa cherehani. Alivipiga bandi tu, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikiza nguo kwa muda, na kwa kuwa siku zote aliharakishwa, aliupitisha uzi mmoja kutoka kiraka hadi kiraka. Anayejua ncha ilipo angevuta mara moja na vyote vingeachia. Hiyo ilikuwa siri yake na mkasi wake.

Siri ya pili ndiyo iliyomnyima raha. Kiraka cha kifuani kilikatwa kwenye koti la marehemu baba yake.

Mama yake, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, alimpenda Mwenzetu kuliko mtu yeyote aliyekula mezani kwake. Picha ya Mwenzetu ilitundikwa sebuleni, na picha ya harusi ya fundi ikahamishiwa karibu na choo ili kuipisha. Siku moja akamsikia Mwenzetu akikohoa redioni. Kesho yake akafungua sanduku, akatoa koti la marehemu mumewe, la kahawia lenye mistari myembamba ya kijani na tundu dogo la sigara, akalipeleka mkutanoni na kulikabidhi jukwaani. Koti hilo fundi aliahidiwa tangu ana miaka kumi na miwili. Ndilo lililomfanya aupende ushonaji.

"Wewe ni fundi, jishonee," mama akamwambia. "Mwenzetu hana mtu."

Miezi miwili baadaye msaidizi wa Rais, aliyeitwa Miwani kwa sababu hakuivua miwani yake nyeusi hata ndani ya nyumba, akaleta dukani gunia la nguo.

"Zawadi za wananchi," akasema. "Kata viraka humu. Vya kwetu vinaonekana vya uongo."

Fundi akatia mkono, akatoa koti la baba yake, limekunjwa vilevile mama alivyolikunja. Miwani akaliona lile tundu la sigara, uso ukamchangamka.

"Kiraka chenye tundu," akasema. "Hata tungekaa kikao wiki nzima tusingebuni kitu kama hiki."

Na fundi, Mungu amsamehe, akachukua mkasi akakata. Aliogopa, na hakuna neno zuri la kuupamba woga wake.

Basi magazeti yakaanza kunusa. Ikaundwa tume ya uchunguzi, na fundi akaitwa kutoa ushahidi. Akapiga moyo konde akaenda. Msimsifu kwa uzalendo, hakuwa nao mwingi kiasi hicho. Alitaka jambo moja tu: mama yake asikilizaye redio kutwa amsikie, amwamini mwanawe kuliko picha ya ukutani.

"Shahidi," akauliza wakili wa tume, "koti alilovaa Rais juzi lina umri gani?"

"Siku tisa, mheshimiwa."

"Na kule kuchakaa?"

"Msasa namba themanini. Kwenye kola natumia laini zaidi, maana shingo ni mahali pa heshima."

Ukumbi ukaguna.

"Na kiraka cha kifuani?"

Fundi akakisogelea kipaza sauti. "Ni cha koti la baba yangu. Mama alimpa Rais ajikinge baridi. Mimi ndiye niliyelikata."

Wakili akafunga faili taratibu kama mtu aliyeshiba. Nje akamshika fundi mkono na kumnong'oneza, "Rais huyu hamalizi mwezi."

Fundi akarudi nyumbani, amejiandaa kwa machozi au kwa ufagio. Akamkuta mama katikati ya sebule, majirani wamemzunguka wakimpongeza.

"Mwanangu, mbona ulinificha siku zote hizi?" mama akasema. "Baba yako yuko kifuani kwa Rais."

"Mama, anatudanganya. Lile koti ni jipya."

"Ulitaka rais wa nchi avae matambara mbele ya wageni?"

"Yeye mwenyewe ndiye anayesema ni matambara."

"Huo ndio unyenyekevu," mama akasema, na majirani wakatikisa vichwa kukubali.

Mwenzetu naye hakuhangaika kukanusha. Akapanda jukwaani, akajipiga kifua, palepale penye kiraka. "Wanasema koti ni jipya. Ndiyo, ni jipya. Lakini viraka ni vyenu. Nani mwingine amewahi kuwabeba kifuani?" Watu wakalia upya. Ripoti ya tume ikatoka, kurasa mia tisa, na wa kwanza kuisifu alikuwa muuza maandazi, aliyesema karatasi yake nzito haipitishi mafuta. Dukani kwa fundi ikapangwa foleni ya watu wenye mashati, mapazia, hata soksi, kila mmoja akiomba naye awe kiraka. Siku ya tatu fundi akainua macho akamwona wakili wa tume kwenye foleni, kifurushi kwapani.

"Ni blauzi ya mke wangu," wakili akasema, akitazama viatu vyake.

Mama akapewa jina la Mama Kiraka, na mwaliko wa kukaa mstari wa mbele katika mkutano mkubwa wa Jumamosi. Siku chache kabla yake akaja dukani kupimwa gauni. Alikuwa amesimama, mikono juu, futi imezunguka kiuno, akauliza kwa furaha tu:

"Alilivaa muda gani kabla hujalikata?"

"Nini, mama?"

"Koti la baba yako. Alilivaa msimu wote wa baridi, au?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu na mwepesi. Fundi akautema pembeni.

"Hakulivaa, mama."

"Hata siku moja?"

Akafungua mtoto wa meza, akatoa kichupa cha dawa ya kifua. Kizibo kilikuwa bado kimefungwa kwa utepe. "Kilikuwa mfukoni," akasema.

Mama akashusha mikono. Akakigeuza kile kichupa huku na huku, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake sauti yake ikawa fupi.

"Alikuwa anakohoa," akasema. "Utepe huu niliufunga mara mbili, kisije kikamwagikia bitana."

"Nilikuwa naogopa kukuambia."

"Mmoja hata mfukoni hakutazama. Mwingine akakata." Akakitia kichupa kwenye mkoba wake. "Na wote wawili nawaita wanangu."

Fundi akainamisha kichwa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Hicho kiraka umekishonaje?" mama akauliza.

"Bandi tu."

"Ncha iko wapi?"

"Chini ya mfuko, upande wa kushoto."

"Haya, endelea kupima," mama akasema, akainua mikono tena.

Jumamosi fundi alisimama nyuma ya kamba. Mwenzetu akamwita Mama Kiraka jukwaani, akatanua mikono, akamkumbatia mbele ya kamera zote. Mama naye akamkumbatia, mkono mmoja mgongoni, wa pili ukipapasa chini ya mfuko.

"Tulia, baba," sauti yake ikaingia kwenye kipaza sauti. "Usijikunyate."

Uzi ukatoka, mrefu, bila kukatika. Kiraka cha mfukoni kikaanguka, cha begani kikafuata, cha kifuani akakidaka. Chini yake sufu ilikuwa mpya kabisa, vipande vitatu vinang'aa, maana fundi hakuwahi kupoteza msasa mahali pasipoonekana. Walinzi wakasogea, wakazitazama kamera, wakarudi nyuma. Nani angemkamata Mama Kiraka?

"Hiki ni changu," mama akasema. "Koti la mume wangu hukulivaa hata siku moja. Na dawa yako hii hapa, ina miaka miwili. Soma tarehe kabla hujanywa."

Wa kwanza kucheka alikuwa mwanamke aliyekalia ndoo, kicheko cha kawaida cha jikoni. Kisha kikasambaa. Mwenzetu akainua mkono kuwatuliza, akaanza kwa mazoea, "Mimi ni mwenzenu, tazameni..." akakwama hapo. Watu wakakaa chini kwa kucheka.

Hakuanguka siku ile, tusidanganyane, wala mwezi ule. Makoti aliyaacha, akaanza kuvaa mashati. Lakini kila alipokwenda, mtu mmoja wa nyuma aliuliza kwa upole, "Na hilo la nani?" na hotuba ikafupika. Miwani akaja kuchukua vitambaa vya Ikulu. Alikuwa ameivua miwani, na fundi nusura amwulize yeye ni nani. Wakili akaja kuchukua blauzi ya mkewe.

Jumatatu mama akaja dukani na sindano yake mwenyewe. Akamvua fundi aproni ya kazi, akakiweka kile kiraka kifuani pake.

"Nipe nikupigie kwa cherehani, mama. Dakika moja tu."

"Wewe kwa kitambaa hiki umeshafanya kazi yako," mama akasema.

Akashona asubuhi nzima kwa uzi uliokunjwa mara mbili, macho karibu yaguse sindano, akifunga fundo kila baada ya mshono. Kiraka kikakaa kichwa chini, kimepinda upande mmoja. Mama akakata uzi kwa meno, akamvisha aproni, akamfunga kamba mgongoni kama alivyomfunga zamani akienda shule. Wateja hadi leo humwambia fundi kiraka chake kimeshonwa vibaya, naye hukubali, kisha huwauliza wanataka kushonewa nini.