Maneno Yaliyokwama Kwenye Sponji

Jumatatu asubuhi Mama Mkasi alilipindua kochi la watu wawili, akaliegemeza juu ya vigoda, akaanza kung'oa pini kwa bisibisi bapa. Pini zilizotoka alizidondosha kwenye kopo la maziwa ya unga. Zilizorukia sakafuni alizifuata kwa sumaku iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio, ili asiiname kila mara, maana kiuno chake kilishamwarifu kwamba ushirikiano wao una mipaka. Alipokwisha kulivua kochi kitambaa na kufikia sponji, maneno yakaanza kutoka.

Yalitoka kama kawaida yake, kwa sauti za sebuleni. Mwanamume alisema chumvi imezidi. Mtoto alikana kuvunja kikombe. Mwanamke alimwambia mtu kwenye simu kwamba yuko njiani, tena amekaribia kabisa kufika. Kila neno lilisikika mara moja, kisha likaanguka chini kama unga wa sponji kuukuu, na Mama Mkasi akalifagilia kwenye gunia.

Kochi likikaliwa miaka mingi, yanayosemwa juu yake hushuka na kukwama ndani. Fundi asipoyatoa, kitambaa kipya hakikai vizuri. Hilo alilijua tangu kochi lake la kwanza, la jirani, alilolivalisha bila kulikung'uta. Lilirudishwa wiki hiyohiyo likiwa na kinundu mgongoni. Alipolifungua alikuta ni ugomvi wa mpaka wa shamba, umejikunja kama soksi.

Tangu hapo alijiwekea utaratibu. Kinachotoka kwenye kochi la mteja hakivuki mlango. Kazi ikiisha, mteja huulizwa kama anataka gunia lake au litupwe. Wengi husema litupwe, na wengine husema upesi sana. Mzee mmoja aliyefiwa na mkewe aliomba kona moja isikung'utwe kabisa, ile aliyozoea kukaa marehemu. Mama Mkasi aliikata sponji ile kwa uangalifu, akaishona upya mahali pake. Kona hiyo ina kiuvimbe mpaka leo, na mzee hajawahi kulalamika.

Kazi hii aliianza akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanatafuta kivuli na kiti. Kabla yake alikuwa kiwandani, akishona mavazi ya viti vya mabasi, mpaka siku wafanyakazi wa rika lake walipoitwa kupimwa macho. Daktari aliyeletwa na kiwanda alimwonyesha ubao wa herufi. Alizisoma. Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, akasema amekosea karibu zote. Mama Mkasi akamwomba radhi. Akapewa mkono wa kwaheri, saa ya ukutani na miwani, akaonywa asishone tena uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, vinginevyo atapofuka.

Aliivaa miwani ile kila siku. Akiwa nayo aliona vilevile kama zamani, ndiyo maana aliwaambia watu kwamba ni miwani mizuri kweli. Bawaba yake ilipolegea, aliifunga kwa uzi wa buluu, kwa fundo lake la kazini, lile lisilofunguka. Na kila mteja aliyeleta kochi jeusi alimrudisha nalo nyumbani, kwa adabu.

Makochi meusi ni mengi duniani kuliko mtu anavyofikiri. Kwa hiyo kazi ilikuwa inachechemea. Banda alilofanyia kazi lilikuwa gereji ya mwanawe, na mwanawe, ambaye ni mtu mwema na mwenye wasiwasi mwingi, alikuwa amemwambia kwamba mwaka ukiisha kazi ikiwa bado haijasimama, banda atalikodisha kwa muuza mitungi ya gesi.

"Mama, umeshafanya kazi ya kutosha," alisema. "Kaa na wajukuu. Na macho hayo."

"Wajukuu nakaa nao jioni," Mama Mkasi alijibu. "Mchana wako shule. Unataka nikae na nani, na midoli yao?"

Mwanawe alicheka, lakini tarehe hakuibadilisha.

Mwezi wa kumi gari la kiwanda lilisimama nje ya banda. Dereva alishusha kiti cha meneja, kile kikubwa cha kuzunguka, kilichochanika mikononi. Alisema meneja amesikia kuna fundi mzuri mtaani. Kiti hiki kikimridhisha, viti vya ofisi nzima vitaletwa hapahapa. Kilikuwa cheusi. Mama Mkasi alikizunguka mara mbili. Viti vya ofisi nzima vingetosha kumfanya muuza gesi atafute banda kwingine. Akamwambia dereva akiache, na moyoni akaamua kwamba akipofuka, basi apofukie kazini.

Alikifungua baada ya chakula cha mchana. Sauti ya meneja ilitoka imetulia, ya mtu aliyeshiba.

"Hawa wa umri huo tuwaondoe kwa macho," ilisema. "Macho hayana kesi."

Sauti nyingine iliuliza, je, wakizisoma herufi sawasawa?

"Waambie wamekosea. Mtu mzima habishani na daktari."

Na miwani?

"Weka kioo cha dirisha. Watashukuru."

Maneno yakaanguka sakafuni pamoja na unga wa sponji. Mama Mkasi alibaki ameshika ufagio. Ni kweli alikuwa ameshukuru. Alikumbuka vizuri, alishukuru kwa mikono miwili.

Aliivua miwani, akatazama kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, akasoma mpaka namba ndogo za simu pale chini. Akaivaa, akasoma tena. Zilikuwa zilezile. Akaivua, akachukua sindano na uzi mweusi, na uzi ukapita tunduni mara ya kwanza. Hakulia. Alikaa kidogo akiyawaza makochi meusi yote aliyoyarudisha, hasa lile la kona lililoletwa kwa lori. Kisha akafagia.

Jioni wifi yake alipita, dada wa marehemu mumewe, ambaye bado alikuwa akishona kulekule kiwandani na alikuwa amebakiza muda mfupi afikie umri wa kuitwa kupimwa macho. Mama Mkasi alimvuta ndani, akafunga mlango na kumsimulia yote palepale, ili utaratibu usivunjike.

Wifi alisikiliza huku akichambua uzi kwenye sketi yake. "Mimi wakiniita, nitazisoma kwa sauti mpaka mlinzi wa getini azisikie," alisema. "Nione nani ataniambia nimekosea."

Kiti alikishona kwa siku alizohitaji, bila haraka, uzi mweusi juu ya ngozi nyeusi, mishono imefuatana kama nyayo za mtu mmoja asiye na safari ya haraka. Mwanawe alisimama mlangoni akamtazama. Aliuliza miwani iko wapi. Akajibiwa kwamba iko likizo. Jioni ile gari lake, lililokuwa bado likiingizwa bandani usiku, alilitafutia turubai, akalizoesha kulala nje.

Meneja alikuja mwenyewe. Alimwamkia kwa heshima, akakaa, akazunguka kushoto na kulia, akapapasa mikono ya kiti akitafuta mshono kwa vidole na kuukosa.

"Mama, mkono wako haujazeeka," alisema.

"Na macho pia, mwanangu." Akampa miwani. "Hii ni mali yenu. Ni kioo cha dirisha. Sikukosea herufi hata moja siku ile, na wewe unajua."

Meneja aliitazama miwani, akakitazama kiti, kisha gunia dogo lililofungwa kando yake. Hakuwa mgeni wa mambo ya makochi. Nyumbani kwao pia walikuwa nayo.

"Yalikuwa mambo ya kampuni, mama. Hayakuwa yangu peke yangu."

"Sauti ilikuwa yako. Gunia utaondoka nalo, au nilitupe?"

"Tupa," meneja alisema upesi. Akaitia miwani kwenye mfuko wa shati. Mlangoni aligeuka, akasema viti vingine vitaletwa Alhamisi, maana kazi ni nzuri, na hilo alilisema kwa moyo mweupe.

Vililetwa. Muuza mitungi ya gesi akaambiwa atafute kwingine. Mama Mkasi alitundika nje kibao kipya, alichokiandika mwenyewe: MAKOCHI YA RANGI ZOTE. Watu aliowarudisha zamani wakaanza kurudi mmoja mmoja, na hata lile la kona likaja na lori lake. Kazi ikamzidi. Alitafuta wa kumsaidia, akawa anawauliza wanawake wenye umri kama wake, na kipimo chake cha kuwapima macho kilikuwa sindano na uzi mweusi. Hakuna aliyeshindwa.

Mwaka mpya ulikuwa bado mchanga wifi yake alipoingia bandani mchana, siku ya kazi, na saa ya ukutani kwapani. Alikuwa amevaa miwani.

Mama Mkasi alimsogezea kigoda.

"Nilizisoma zote, wifi," mgeni alisema akikaa. "Mpaka mstari wa chini kabisa. Mlinzi alisikia."

"Wakasemaje?"

"Wakasema nimekosea."

Mama Mkasi alimvua miwani taratibu, akaigeuza mkononi. Kwenye bawaba kulikuwa na uzi wa buluu, umefungwa kwa fundo lake mwenyewe, lile lisilofunguka.

"Niirudishe?" wifi aliuliza.

"Usiirudishe. Atapewa mwingine."

"Wataagiza nyingine."

"Najua," Mama Mkasi alisema, akaitundika kwenye msumari.

Katikati ya banda kulikuwa na kochi linalongoja, jeusi, la watu watatu. Wakalishika pande mbili wakalipindua. Waling'oa pini, wakakung'uta maneno ya watu, wakafagia, wakaanza kushona, kila mmoja na uzi wake. Nje jua lilikuwa linazama, na ndani hakuna aliyewasha taa.